Madaftari Yenu Yanalala Nyumba za Watu

Watu wa Kericho na Bomet, sikieni neno hili kabla bonasi ya chai haijaingia na kuwasahaulisha. Kilo zenu mnazijua. Mwambie mkulima wa Kapkoros kwamba leo ameleta kilo kumi na mbili ilhali yeye amehesabu kumi na nne, ataliacha gunia likining'inia kwenye mizani na kumkabili karani mbele ya kituo kizima. Risiti yake anaikunja, anaitia ndani ya Biblia, na mwisho wa mwezi anajumlisha mwenyewe. Hilo hamkulisoma chuoni. Mlifundishwa na miaka ya kupunjwa, mkajua kwamba asiye na hesabu yake huishi kwa hesabu ya mwenzake.

Basi imekuwaje watu hao hao, wenye jicho kali mbele ya mizani, wamechukua madaftari yao mengine yote na kuyalaza nyumba za watu wasiowajua?

Orodha ya waumini iko kwenye simu ya katibu. Mahesabu ya chama yako kwenye akaunti ya bure iliyofunguliwa saiba na kijana ambaye sasa yuko Qatar. Alama za watoto wenu zimo kwenye kundi la WhatsApp, pamoja na majina yao kamili na habari ya nani hajamaliza karo. Picha za mazishi ya baba yenu, hati ya shamba, barua za kesi ya mpaka, vyote viko kwenye kompyuta za kampuni ya California ambayo haiwajui wala haina deni kwenu. Mmekuwa kama mtu anayelaza ng'ombe wake katika boma la jirani, kila asubuhi anakwenda na kibuyu kuomba maziwa. Siku jirani akifunga lango, mtu huyo hana ng'ombe, hata kama anajua jina la kila ndama.

Tazameni jambo hili linavyokwenda. Chama cha kina mama kinakutana Jumamosi alasiri, lori likishaondoka na majani. Mweka hazina anatoa simu afungue jedwali la michango. Simu ni mpya, ile ya zamani iliingia maji. Akaunti inataka neno la siri, naye analiandika bila kukosea. Haitosheki. Inasema imetuma tarakimu sita kwa nambari ya simu iliyosajiliwa, azisome aziandike. Nambari hiyo ni ya yule kijana wa Qatar. Laini ilikaa kimya muda mrefu, kampuni ya simu ikaitwaa na kumuuzia mtu mwingine. Tarakimu sita zimemfikia mgeni aliye Malindi, naye anadhani ni matapeli. Mama anajaribu tena na tena mpaka akaunti inamfungia. Hakuna ofisi ya kwenda kugonga, wala karani wa kukabiliwa. Kuna ukurasa wa maelezo kwa Kiingereza, nao unamrudisha pale pale alipoanzia. Jioni hiyo wanaanza kuandika mikopo upya kwa kumbukumbu, na kabla jua halijatua wawili waliobatizwa siku moja wanaitana waongo. Na hakuna aliyeiba hata shilingi.

Msiseme ni bahati mbaya. Bahati mbaya ni mvua ya mawe. Hili ni zao la uvivu wenu na kupenda kwenu cha bure. Masharti yaliandikwa, mkabonyeza "nakubali" bila kusoma, na leo mnashangaa kwamba kitu cha kuazima hakiwasitiri.

Ninyi wazee wa kanisa, mnaofungua ibada kwa kuomba ulinzi, mmemweka nani alinde siri za waumini? Majina ya wanaougua, ahadi za harambee na habari za ndoa zilizovunjika mnazitupa kwenye kundi la watu mia mbili, na nambari nyingi humo hamjui ni za nani. Mchungaji akihamishwa, rejista inaondoka mfukoni mwake.

Ninyi walimu wakuu, mzazi amewakabidhi mtoto, hakuwakabidhi uso wake muutangaze. Sheria ya Ulinzi wa Data ilipitishwa 2019. Septemba 2023 Ofisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data iliitoza shule moja ya Nairobi shilingi 4,550,000 kwa kuchapisha picha za watoto bila idhini ya wazazi. Mlisikia, kisha mkaendelea kama kwamba sheria hiyo haifiki Sotik.

Ninyi wakurugenzi wa vyama vya akiba, mlinunua mfumo kwa mchuuzi bila kumuuliza swali moja: siku tukiachana, tutaondokaje na rekodi za wanachama wetu? Sasa anapandisha ada nanyi mnalipa, kwa sababu vitabu viko ndani ya programu yake na ufunguo ni wake. Fedha mnayomlipa ni ya mama aliyechuma chai kwenye umande.

Ninyi mlio katika ofisi za umma, mnaandikiana mambo ya wananchi kwa anwani binafsi za barua pepe. Afisa akistaafu, kumbukumbu za umma zinastaafu naye. Mmefanya mali ya wote kuwa mzigo wa mtu mmoja.

Na ninyi vijana wenye vyeti vya kompyuta, kwenu neno ni zito zaidi, maana mnajua. Mnazunguka shuleni na madukani mkiweka programu za wizi zilizovunjwa kufuli, mnapokea ujira wenu, mnaacha virusi nyuma yenu. Mnajua kwamba Linux ipo. Mnajua kwamba LibreOffice ipo. Mnajua kwamba ni halali na hazidai hata senti. Mmenyamaza kwa sababu aliyezoea kuvunjikiwa hurudi kwa fundi. Ujuzi mliopewa na wazazi waliouza majani ili mlipiwe karo mmeugeuza kamba ya kuwafunga.

Nchi yenu haina udhuru wa kutojua. Katika miaka ya 1920 makampuni ya chai yalianza kupanda milima hii, na madaftari yao yaliwekwa kwa faida ya wenye hisa waliokuwa Uingereza. Wazee wenu wa ukoo wa Talai walihamishwa kwa sheria ya 1934, wakapelekwa Gwassi, kwa karatasi iliyoandikwa na wengine. Mkulima mdogo alipata mlango 1964, ilipoundwa mamlaka ya chai, KTDA, na mwaka 2000 mamlaka hiyo ilipobinafsishwa, viwanda vikabaki mikononi mwa wakulima wenye hisa. Ndiyo maana bonasi ikiwa ndogo mnajua pa kwenda kupaza sauti. Kiwanda cha Momul kina wenyewe. Kiwanda cha Tirgaga kina wenyewe. Wakurugenzi mnawapigia kura, na mkiwachoka mnawaondoa. Niambieni, nani kati yenu anapiga kura pale inapoamuliwa kama akaunti ya chama chenu itaendelea kufunguka? Kuna kampuni iliyokuwa ikihifadhi picha zenu bila kikomo, na tarehe 1 Juni 2021 ikaondoa neno hilo "bila kikomo". Desemba 2023 kampuni hiyo hiyo, Google, ikaanza kufuta akaunti zisizotumiwa kwa miaka miwili. Ilikuwa haki yake, kwa kuwa nyumba ni yake. Hamkuulizwa.

Kenya nzima imewahi kujifunza somo hili. Kabla ya watoa huduma wa intaneti kuunganisha mitandao yao hapa nyumbani, barua pepe kutoka jengo moja la Nairobi kwenda jengo la ng'ambo ya barabara ilipanda setilaiti, ikazunguka ughaibuni, ndipo ikarudi. Mwishoni mwa 2000 walijenga KIXP, mahali pa kubadilishana mawasiliano ya ndani. Telkom Kenya, iliyokuwa na ukiritimba, ikalalamika, na wiki chache baadaye mdhibiti akaamuru ifungwe. Hawakukata tamaa. Februari 2002 ilifunguliwa tena, na leo barua ya Kericho kwenda Nakuru haina haja ya kuvuka bahari. Hata M-Pesa, mnayoitumia kumlipa mchumaji kila wiki, mitambo yake ilikuwa Ujerumani hadi 2015 ilipohamishiwa Kenya. Mambo makubwa kama hayo yamerudi nyumbani, na daftari la chama chenu bado liko safarini.

Wala msiniambie kwamba vifaa vya kujitegemea ni vya Wazungu na matajiri. Programu huria ni programu ambayo mwenye kuiandika ameiacha wazi: ruhusa unayo ya kuitumia kwa kazi yoyote, kuichungua ndani, kuibadilisha na kumgawia jirani. Richard Stallman alianzisha mradi wa GNU 1983, Linus Torvalds akatoa Linux 1991 akiwa mwanafunzi Helsinki, na tangu hapo maelfu ya watu wameongeza kazi yao. Leo sehemu kubwa ya intaneti inasimama juu ya Linux, pamoja na hizo kampuni mnazoziogopa. Wao wanakula chakula hiki hiki mlichoandaliwa bure, kisha wanawauzia makombo.

Na mkono wa watu wetu umo. Kwa ndugu zetu Wanandi, katika kituo cha afya cha Mosoriot, mwaka 2001 Chuo Kikuu cha Moi na wenzao wa Indiana walianza kuweka rekodi za wagonjwa kwenye kompyuta. Kazi hiyo ilichangia kuzaliwa kwa OpenMRS, programu huria ya rekodi za hospitali, iliyoanza kutumika Eldoret 2006. KenyaEMR ikajengwa juu yake, na vituo vya afya vingi nchini vimeiweka kwenye seva iliyomo ndani ya kituo chenyewe, ili mtandao ukikatika, muuguzi asishindwe kusoma faili la mgonjwa aliye mbele yake. Mwaka 2008, nchi ikiwaka moto baada ya uchaguzi, Ory Okolloh na wenzake Juliana Rotich, Erik Hersman na David Kobia walijenga Ushahidi kupokea taarifa za ghasia, wakauacha msimbo wake wazi, na nchi nyingine zikauchukua. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilishiriki kutoa programu ya ofisi kwa Kiswahili, Jambo OpenOffice, mwaka 2004. Mlango umefunguliwa kwa lugha yenu wenyewe, nanyi mmesimama nje mkipiga hodi kwa jirani.

Nasikia mnajibu. Mnasema: hatuna cha kuficha. Deni la jirani yako si lako kulianika, wala ugonjwa wa muumini si wako kuutangaza. Aliyekabidhiwa siri ya mwenzake ana cha kuficha, na akiitoa ametenda dhambi.

Mnasema: huduma hizi za kampuni hazikatiki. Tarehe 4 Oktoba 2021 WhatsApp na Facebook zilizimika dunia nzima kwa muda wa saa sita hivi. Mei 2024 nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilikatika, Afrika Mashariki ikapunguziwa intaneti. Novemba 2023 na Novemba 2024, wakati wa mtihani wa KCSE, Telegram ilizuiwa nchini, na vikundi vya kazi visivyohusika na mtihani wowote vikazimika pamoja na wenye hatia. Aliyekuwa na faili zake kwenye kompyuta iliyo chumba cha pili aliendelea kuzifungua.

Mnasema: ni ghali. Kompyuta ya mezani ya mitumba inatosha. Iwekeni Debian au Ubuntu, diski mbili, na kifaa cha kushika chaji stima ikipotea, maana mnaijua radi ya Kericho. Unganisheni na ruta mliyo nayo. Humo wekeni Nextcloud kwa faili, kalenda na anwani za watu. Shule iongeze Kolibri kwa masomo na Kiwix kwa Wikipedia nzima, na mtoto wa kidato cha pili atasoma bila bando hata intaneti ikiwa imelala tangu asubuhi. Chama kidogo kitunze hesabu kwa GnuCash. Chama kikubwa cha akiba kina Mifos, iliyoanzishwa na Grameen Foundation kwa ajili ya mikopo midogo, na msimbo wake leo unalelewa na Apache kwa jina la Fineract. Yote haya hayadai leseni. Kinachodaiwa ni mtu wa kukaa chini na kusoma.

Mnasema: tukiwa nje ya ofisi hatutaifikia. Ni kweli kwamba intaneti nyingi za nyumbani na za simu hugawana anwani moja kwa wateja wengi, kwa hiyo seva iliyo kwenu haionekani kutoka nje. Dawa yake ipo: WireGuard, programu huria inayofungua njia ya siri kati ya simu yako na seva yako kupitia kompyuta ndogo ya kukodi yenye anwani ya wazi. Na vijana mnaoelewa maneno haya, ndiyo kazi mliyoiacha mkaenda kuweka programu za wizi.

Sasa nawageukia waliokwisha kuanza, maana nao wana lawama. Kuna aliyeweka seva kwa shangwe, akapiga picha, akaondoka. Neno la siri ni "admin". Programu haijasasishwa tangu siku ile. Nakala ni moja, iko juu ya diski ile ile. Mtu huyo ametengeneza mtego na kuwaita watu waingie. Ukiwa na seva unabeba ulinzi uliokuwa wa kampuni. Kila kitu kiwe na nakala tatu, katika vyombo viwili tofauti, na moja ikae mbali na jengo hilo, kwa maana moto ukiunguza ofisi utaunguza na diski ya akiba iliyo kabatini. Diski zifungwe kwa usimbaji, ili mwizi wa kompyuta asiwe mwizi wa siri. Masasisho yafanywe kila wiki. Na mara kwa mara jaribuni kurudisha faili kutoka kwenye nakala, kwa sababu nakala ambayo haijawahi kurudishwa hamjui kama ipo. Maneno ya siri yasikae kichwani mwa mtu mmoja. Yaandikwe, yatiwe kwenye bahasha, bahasha itiwe muhuri na kufungiwa mbele ya wanachama, watu wawili wapewe idhini ya kuifungua. Aliyekwenda Qatar asiende na chama.

Barua pepe msianze nayo. Seva ndogo ya nyumbani ikituma barua, wakubwa huitupa pamoja na barua taka, na mtakata tamaa mapema. Anzeni kwa kuwa na jina lenu la intaneti lenye mwisho wa .or.ke au .co.ke, lisajiliwe kwa jina la chama na si la fundi, na barua zenu zipite kwa mtoa huduma mnayemlipa. Mkimchoka mnahama na jina lenu. Na msipokuwa na mtu wa kuitunza seva, ungeni mkono: makanisa matatu, shule mbili na chama vinaweza kumlipa kijana mmoja mshahara wa heshima. Mlijenga viwanda kwa namna hiyo, kwa kukatwa senti kwa kilo. Msiniambie hamjui kuchanga.

Programu huria ni ya bure, uangalizi wake hauwezi kuwa wa bure. Mkikataa kumlipa anayewalinda, mtaendelea kuuzwa na asiyewajua. Hakuna njia ya tatu.

Kwa hiyo, nisikilizeni ninyi mliofanya vibaya na mnaotaka kutengeneza. Kabla ya bonasi ya Oktoba, kila chama, kila kanisa na kila shule iitishe kikao na kuuliza maswali manne. Madaftari yetu yako wapi? Ufunguo ni wa nani? Mwenye ufunguo akifa leo, kesho tutayafunguaje? Na mwenye nyumba akitufukuza, tutaondoka na nini? Yaandikeni majibu kwenye kitabu cha kumbukumbu, kwa wino. Pale mtakapokosa jibu, hapo ndipo kazi yenu inapoanzia. Pakueni kila kilicho chenu kabla hamjafungiwa, kampuni nyingi kubwa zina njia ya kupakua. Kisha chagueni daftari moja tu, lile lenye uchungu zaidi likipotea, mlilete nyumbani kwanza.

Vijana, rudini kwa wazazi wenu na ujuzi wenu. Wakurugenzi, msitie sahihi mkataba wowote usiosema kwa maandishi jinsi rekodi zitakavyorudishwa mkiachana. Wazee, vikao vya kijiji, kokwet, viliamua mambo mazito ya mipaka na mifugo bila kuomba ruhusa ya mtu wa mbali. Mna akili ya kuamua na hili.

Mizani mliikataa ilipowapunja. Na hili likataeni vivyo hivyo, kwa sauti ile ile, mbele ya watu. Mkinyamaza, yatakayowapata mmeyachagua wenyewe.